Fundi Sikio na Pikipiki Isiyo na Sauti

"Hiyo si pikipiki. Hiyo ni maiti inayotembea."

Gereji nzima iliangua kicheko. Koili, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anateremsha stendi ya pikipiki yake mlangoni, aliiacha stendi nusu njia. Maneno hayo angeyasema mtu mwingine, angecheka pamoja nao. Lakini aliyeyasema alikuwa Sikio, mwanaume ambaye wiki mbili tu zilizopita, kwenye ngazi za nyumba ya mama yake, alimwambia kwa sauti ya kutetemeka kwamba anataka kumuoa, yeye pamoja na mtoto wake.

Kila Jumamosi asubuhi wapenda pikipiki wa mji ule walikusanyika gerejini kwa Sikio. Walileta mashine zao, wakakaa juu ya matairi yaliyochakaa, wakabishana mpaka jua likawa la utosi. Huyu alisema hakuna kinachoishinda karabureta katika kuchanganya mafuta na hewa, yule akajibu kwamba karabureta ni ushamba, siku hizi mafuta yanapimwa na kompyuta. Kapteni, mwenyekiti wa chama, mwenye pikipiki kubwa ya silinda mbili, alitembea na kompyuta yake begani, tayari kumwonyesha yeyote jinsi alivyoichezea mashine yake mpaka ikaongeza mbio. Wote walipokwama walimgeukia Sikio. Yeye hakuwa na kompyuta. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, akaugandamiza mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akafumba macho kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Akiyafumbua, ugonjwa umeshajulikana. Jina alilopewa na wazazi lilisahaulika hivyo.

Koili naye jina lake lilitokana na kazi. Alisuka upya koili, mizunguko ya waya iliyo ndani ya mota zilizoungua, za pampu, za feni, za mashine za kusaga. Mchana alikuwa kibandani na waya zake za shaba, jioni darasani kujifunza umeme, binti yake amelala mapajani na daftari limewekwa juu ya mgongo wa mtoto. Binti huyo wa miaka minne mafundi walimwita Nati, kwa kuwa alikuwa mdogo, mviringo, na ukimwondolea macho kidogo tu huwezi kujua amebingirikia wapi.

Pikipiki ile Koili aliijenga kwa miezi saba. Alinunua fremu iliyotolewa injini, akatafuta mota ya umeme iliyoungua, akaifumua na kuisuka upya kwa waya mnene kuliko wa kiwandani. Usiulize vidole vyake vilikuwaje. Na mtu wa kwanza aliyetaka aione alikuwa Sikio.

"Sema basi, Koili," Kapteni alimchokoza. "Au na wewe umezimwa swichi?"

"Nasubiri mmalize kucheka. Injini zenu lazima zipige kelele kwanza ndipo zivute. Mota inavuta kuanzia pale iliposimama. Haina gia ya kutafuta, haina klachi ya kubembeleza."

"Na betri ikiisha njiani?"

"Na wewe mafuta yakikuishia njiani?"

"Mimi nitanunua ya kwenye chupa."

"Basi ukipita niletee na mimi chupa ya umeme."

Hapo walicheka upande wake, na kwa muda ubishi ukawa mtamu. Mmoja aliuliza mota ikinyeshewa itakuwaje, mwingine akataka kujua uzito wa betri, wa tatu akapiga magoti kabisa kuchungulia chini ya kiti, Koili alikoificha kontrola, kile kisanduku kinachogawa umeme. Sikio peke yake hakusogea. Koili alimfuata.

"Hata hujaijaribu."

"Siwezi kujaribu kitu kisichosema," Sikio alijibu bila kumtazama. "Injini inaongea na mtu. Inakuambia ina njaa, inakuambia imechoka. Hiyo yako itaniambia nini mimi?"

"Panda uone."

"Sipandi."

Aliinua uso mara moja tu, na Koili alimjua vya kutosha kutenganisha dharau na hofu. Macho yale hayakuwa na dharau hata kidogo.

Saa nane mchana simu ya Koili ililia kwa ujumbe wa Sikio.

"Nisamehe kwa maneno ya asubuhi. Lakini mashine hiyo siwezi kuishi nayo nyumba moja. Chagua, mimi au hiyo."

Koili alimpigia. Haikupokelewa. Alipiga tena, ikawa vilevile, na dakika moja baadaye ukaja ujumbe mwingine: "Andika tu." Ilikuwa tabia ya Sikio ya miezi ya karibuni. Ukipiga hapokei, ukiandika anajibu hapo hapo.

Mama yake Koili alikuwa anakunja nguo, akaona uso wa mwanawe, akaomba asomewe. Akasikiliza mpaka mwisho, akanyoosha shati la Nati juu ya goti.

"Huyu kijana namjua," alisema. "Mtu mwenye roho kama yake hachukii chuma hivyo bure. Kuna kitu kinamuuma. Muulize."

"Hasemi, mama."

"Basi mfanye aseme."

Koili alishika simu, akafikiri, akaandika taratibu: "Kesho kuna mbio za mlima wa mnara. Nikikutangulia kufika juu, utaniambia kwa mdomo wako kwa nini unaichukia. Ukweli, si maneno ya gerejini. Ukinitangulia wewe, kesho hiyo hiyo naifungua bolti moja moja, na sitakuuliza tena."

Jibu lilichelewa kuliko kawaida.

"Nimekubali."

Koili aliandika "Na ndoa yetu je?" Akaitazama. Akaifuta.

Njia ya mlima wa mnara wa redio ilikuwa ya zamani, haipitiwi na magari ila ya mafundi wa redio, na Jumapili mlinzi wa geti aliwaachia wanachama. Kona kumi na moja, kali kama viwiko. Sheria ilikuwa moja. Kila mashine ibebe mtu wa pili, au mfuko wa mchanga wa kilo hamsini. Abiria wa Koili alikuwa mfuko. Hakupatikana mtu wa kukaa juu ya kile walichokiita jiko la umeme.

Walikuwa watano mstarini. Sikio alifika wa mwisho juu ya pikipiki yake nyekundu, mashine ambayo kwa miaka sita haijawahi kushindwa mlima ule. Nati alimchoropoka bibi yake, akakimbia. Sikio alichuchumaa kumpokea, na mtoto akafanya kama anavyofanya siku zote: akaweka kiganja kwenye shavu lake, akaugeuza uso wake kwanza, ndipo akazungumza. Kila siku Koili akiona hivyo moyo wake huyeyuka. Aliona ni mapenzi ya mtoto, basi.

Sikio alisimama, akazungusha ekseli mara mbili, injini ikanguruma. Na chini ya ule mngurumo Koili akasikia kitu kingine.

Tik-tik-tik-tik.

Kisauti chembamba, kikavu, kama sindano ya cherehani. Koili si fundi wa injini, lakini mtu aliyekaa gereji ile mwaka mzima anajua sauti ya valvu, vile vilango vya hewa na moshi vya injini, zikilegea. Sikio mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Injini ikipandishwa mlima mrefu hivyo, valvu inaweza kukatika, injini ikakwama, na gurudumu likajifunga katikati ya kona.

Aliwatazama wengine. Nao walikuwa wameisikia.

"Mbona inagonga?" aliwanong'oneza.

"Hujui?" mmoja akamjibu kwa heshima kubwa. "Ameziachia makusudi zipate kupumua. Huyo ni Sikio, ana siri zake."

Kapteni aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeijua siri hiyo tangu zamani.

Koili alimtazama mchumba wake. Sikio alikuwa ametoa bisibisi mfukoni, ameweka ncha kwenye injini na mpini nyuma ya sikio, amefumba macho. Injini inagonga tik-tik-tik mbele ya uso wake. Akafumbua macho, akatabasamu, akairudisha bisibisi mfukoni.

Koili akaelewa. Mambo yote yalimjia kwa mpigo: simu zisizopokelewa, namna anavyohakikisha siku zote Koili anatembea kulia kwake, Nati na kile kiganja chake. Mtoto mwenye sauti nyembamba kama waya alishagundua, akatafuta dawa yake mwenyewe, na wakubwa wakaona ni mchezo. Sikio hakuichukia pikipiki ile kwa kuwa ni mbaya. Dunia ilikuwa inamzimikia masikioni, na mwanamke anayempenda amemletea mashine iliyokwishazimika.

Angeweza kunyamaza. Kufika kona ya sita injini nyekundu ingesalimu amri yenyewe, naye angepita akipunga mkono, ameshinda. Wazo hilo lilimgusa, akaona aibu, likaondoka. Alivuka mstari, akaenda kusimama kulia kwa Sikio, karibu kabisa, kisha akaichomoa bisibisi mfukoni mwake.

"Unafanya nini?"

"Usiweke sikioni," Koili alisema, kwa sauti ya kumtosha yeye tu. Aliweka ncha kwenye mfuniko wa valvu, akauzungushia mpini vidole vya Sikio. "Shika tu."

Injini ilikuwa inaunguruma. Sikio alishika. Sekunde mbili, tatu. Koili aliona uso wake ukibadilika kidogo kidogo, kama mtu anayesomewa barua mbaya. Ndani ya kiganja chake bisibisi ilikuwa inapiga, pigo dogo dogo, bila kuchoka.

Akazima injini.

"Tangu lini unajua?" aliuliza.

"Tangu sasa hivi. Nati anajua zamani."

Sikio alimtafuta mtoto kwa macho. Nati alikuwa getini, anajaribu kofia ngumu ya mtu.

"Sikutaka unione nusu fundi," alisema polepole. "Wewe unasoma, unapanda. Mimi naisha."

"Hayo utaniambia juu. Ndiyo makubaliano yetu."

Sikio akawageukia wenzake.

"Valvu zimelegea," akatangaza. "Na injini ikiwa ya moto valvu hazipimwi, mpaka ipoe. Mimi leo sipandi."

"Si ulizilegeza makusudi?" Kapteni akauliza.

"Makusudi ya nini?"

Kapteni alisema hata yeye alikuwa anajiuliza hivyo hivyo. Yule wa siri za Sikio akakumbuka kukagua kamba za viatu vyake.

Koili alikuwa ameshafungua kamba ya abiria wake. Mfuko wa mchanga ulianguka chini, puu, vumbi likaruka.

"Panda," alimwambia Sikio.

"Nina kilo sabini na mbili."

"Najua."

"Ulipiga hesabu ya hamsini."

"Nitapiga nyingine njiani."

Sikio alirudisha bisibisi mfukoni. Kisha yule aliyeapa hapandi akapitisha mguu, akakaa nyuma yake, na kwa kuwa hapakuwa na pa kushika, akamshika kiuno. Wanachama walipiga miluzi. Mama yake Koili aligeuka akatazama milima, kama vile hakuona.

Bendera ikashuka.

Pikipiki tatu ziliunguruma, injini zikitafuta kasi ya kuvutia. Ya Koili iliondoka tu, kimya, kama mlango uliofunguliwa na upepo. Mpaka kona ya kwanza alikuwa mbele. Kapteni alimpita kwenye kipande kilichonyooka, kwa kishindo cha kutikisa mbavu, halafu kwenye kona akalazimika kushika klachi nusu, kwa kuwa mashine yake ndefu ilitaka barabara pana. Hivyo hivyo kona ya tatu, ya nne. Kila palipopinda Koili alimkaribia, kila paliponyooka akaachwa.

Kidevu cha Sikio kilikuwa begani kwake, sikio lake la kulia karibu na mdomo wa Koili.

"Unanisikia?" Koili aliuliza.

Sikio alisogeza kichwa karibu zaidi.

"Nakusikia," alisema. "Koili, nakusikia. Sijawahi kukusikia tukiwa juu ya pikipiki. Siku zote nilikuwa naitikia tu."

"Hata siku ile niliyokuambia nakupenda? Tunateremka darajani?"

"Niliitikia 'eeh', nikidhani unasema mafuta yamepungua."

Koili alicheka mpaka usukani ukayumba. Kona ya saba ikapita wakiwa wanacheka. Lakini kilo zile ishirini na mbili za ziada zilikuwa zimeanza kudai haki yake. Alijua kontrola ikipata moto kupita kiasi itajikata yenyewe, na geji yake ya kupima joto ilikuwa mezani nyumbani, haijafungwa.

"Weka kiganja chini ya kiti," akamwambia. "Kuna kisanduku. Niambie kinasema nini."

Sikio aliingiza mkono. Akakigusa. Kisha ikaja ile sauti yake ya gerejini, ya fundi anayejua.

"Kimechoka. Punguza kidogo. Hapo hapo, shikilia. Kinapoa." Kona ya nane. "Kina njaa sasa. Kipe. Kipe zaidi."

Koili alikipa. Akapunguza alipoambiwa, akaongeza alipoambiwa. Mikono minne, mashine moja. Kona ya tisa walimkuta Kapteni katikati ya njia, amefunikwa na moshi wenye harufu ya klachi iliyoungua, kompyuta begani, abiria wake anasukuma. Walimpita polepole, kwa adabu, bila sauti yoyote, na Kapteni baadaye alisema hicho ndicho kilichomuuma zaidi, kwamba hata kelele ya kumtukana haikuwepo.

Wakafika mnarani peke yao. Upepo, nyasi, na mji mdogo chini kama kiberiti kilichomwagika. Koili alizima swichi, akashuka.

"Sasa," alisema. "Kwa mdomo wako."

"Hukunitangulia. Tumefika pamoja."

"Mimi nilikaa mbele. Nimekutangulia kwa sentimita arobaini. Pima ukitaka."

Sikio alicheka, halafu kicheko kikamkatika katikati. Alisema yote akiwa amesimama mbele yake, bila kukwepa macho. Sikio la kushoto lilianza kufifia mwaka uliopita. La kulia linapoteza sauti nyembamba moja moja. Daktari alimwambia ni miaka ya kelele bila kujikinga. Aliogopa kupoteza jina, lakini aliogopa zaidi kumleta Koili kwenye nyumba ya mtu anayeelekea uziwi. Akaona heri ampe sababu ya kumwacha mapema.

"Na nilipoiona mashine yako," alimaliza, "nilijiona mimi mwenyewe. Kitu kimesimama hapo, hakina sauti. Nikakitukana."

Koili aliushika uso wake kwa mikono miwili, akaugeuza sawasawa, kama alivyofundishwa na mtu wa miaka minne.

"Kimefika juu," alisema. "Kitukane tena."

Wengine walipowasili, Sikio hakusubiri kuulizwa. Aliwaambia wote, sentensi tatu, kwamba sikio moja limekwenda, la pili linaaga, na kuanzia kesho injini yoyote ikigonga mbele yake mtu aseme, asitunge siri. Kisha Kapteni, masizi usoni, akamkaribia Koili na kumuuliza, kwa unyenyekevu ambao wenzake hawakuujua, waya ule wa mota aliusuka mizunguko mingapi.

"Kaa chini," Koili alimwambia. "Toa daftari, si kompyuta."

Miezi mitatu baadaye walifunga ndoa, asubuhi, uani kwa mama. Ukutani gerejini palikuwa pameongezwa mstari mpya wa rangi, KARABURETA NA MOTA, na mtu akiingia aliwakuta wawili meza moja, mmoja anasuka, mwingine ana kifaa kidogo cha kusikia sikioni na bisibisi kiganjani. Pikipiki nyekundu ilikuwa imepona. Ndiyo iliyoongoza msafara wa harusi siku ile, ikiendeshwa na Kapteni, aliyeapa kutoigusa gia ya tano.

Maharusi waliondoka mwisho. Watu walikuwa wanapiga vigelegele, pikipiki zinapiga honi, na kwa kelele ile hata mwenye masikio mazima asingesikia chochote. Nati, gauni limekwisha kuchafuka, alipanda juu ya kiti, akaweka viganja viwili kwenye mashavu ya bwana harusi, akaugeuza uso wake.

"Baba," alisema, "tupande ile yetu. Ile ambayo tunaweza kuongea."

Sikio alimsikia. Akambeba, akamketisha katikati yao, naye Koili akageuza swichi. Wakaondoka kimya kimya katikati ya kelele zote zile, watatu, wakizungumza njia nzima.